Uzoefu wangu: nilivyojifunza kuamsha amigdala nikiwa ndani ya MRI

Mi nimeishi na sonona muda mrefu, dawa zinanisaidia ila hazinifikishi mbali, ndo nikakubali kuingia kwenye utafiti wa kujizoeza kuamsha amigdala, kisehemu cha ubongo kinachohusika na hisia, kwa MRI ya papo kwa papo, yaani mashine inayopiga picha za ubongo na kukuonyesha unavyofanya kazi muda huo huo. Naandika kwa anayefikiria kujaribu maana wengi wanadhani mashine ndo inakutibu, hapana, mashine inakuonyesha tu, kazi unafanya mwenyewe.

Unalala chali, kichwa kimetulizwa kisicheze, masikio yamezibwa kwa sababu ya kelele, na skrini unaiona juu ya macho. Zamu ni za sekunde 40: mara pumzika, mara hesabu kurudi nyuma kuanzia 300, mara kumbuka jambo lililokufurahisha, na hapo ndo unaona mstari mwekundu ukipanda na kushuka. Huo ni amigdala yako ya kushoto, damu yenye oksijeni ikiongezeka pale nao unapanda. Kwetu wenye sonona sehemu hiyo haiitikii vizuri mambo ya furaha, ndo maana wanailenga.

Sasa kilichonisaidia. Damu inachelewa kama sekunde 5 nyuma ya wazo, kwa hiyo ukiukodolea mstari unafukuza kitu kilichoshapita, bora uzame kwenye kumbukumbu afu uangalie baadaye. Na kumbukumbu isiwe ya jumla jumla. "Siku ile tulifurahi" haikunipandishia kitu, ila nilipokaa na kumbukumbu ya kaka yangu anavyocheka mpaka anashikilia mlango asianguke, sauti inakatika, anajaribu kuongea anashindwa, anafuta machozi anaanza upya, aisee mstari ulipanda. Ukiona umeirudia mpaka imekauka, chukua nyingine.

Raundi ya mwisho wanazima mstari, unafanya bila kuona chochote, na kwangu hii ndo muhimu kuliko zote kwa sababu nyumbani hamna MRI.

Na sio hisia zangu tu. Kymberly Young na wenzake kule Marekani walitoa utafiti 2017, kundi moja lilionyeshwa amigdala, lingine likaonyeshwa sehemu ya ubongo isiyohusika na hisia, na walioonyeshwa amigdala ndo sonona yao ilipungua zaidi. Hiyo ilinipa moyo sana.

Mi saa hizi nikiamka mzito nafanya ile ile ya kaka, macho nimefumba, kabla sijagusa simu. Dawa naendelea nazo, na wewe usiache zako bila kuongea na daktari, na kama una chuma mwilini au unaogopa sehemu finyu waambie kabla hawajakulaza.