Daddy Cool Forodhani

Jana usiku Forodhani muuza urojo kawasha spika, ikaingia "Daddy Cool" ya Boney M. Mamkubwa wangu, ambaye ngazi tu humtesa magoti, akaweka bakuli lake chini akaanza kutikisa mabega, mtandio umemteleza hadi shingoni. Wimbo wa 1976 huo! Kiingereza hajui, lakini kila pahala besi inapoingia anapajua.

Akanihadithia kanda ilivyokuwa ikiazimwa nyumba hadi nyumba mpaka sauti ikapauka. Kisha akamtaja marehemu mdogo wake, waliyekuwa wakicheza naye uani, mlango wametia komeo babu asijue. Anacheka, machozi yanamtoka. Wallahi nilifurahi mno kumuona vile.

Mwenye nyimbo nyengine za miaka ile anitumie, nimtilie kwenye simu yake.