Nilivyoamua kuhusu Windows 11 kwenye kompyuta ya nyumbani

Mwezi wa tisa 2025 kompyuta yetu hapa Mkuyuni, Mwanza, ilianza kuleta ujumbe kwamba Windows 10 mwisho wake wa kupata apdeti ni tarehe 14 Oktoba. Mke wangu ndo aliuona kwanza, akaniita, "Baba Neema njoo uone, hii kitu inasema inaisha, na hesabu zangu je?"

Hizo hesabu ndo zilinikosesha usingizi. Anachukua dagaa pale mwaloni Kirumba anasafirisha kwa magunia, na kila gunia tangu 2021 limeandikwa kwenye Excel, nani kachukua, nani kalipa, nani anadaiwa. Na mimi nilishaumia mara moja, kwenye kompyuta ya zamani nilianza kuapgredi usiku, umeme ukakatika katikati, betri ilikuwa imeshakufa, asubuhi haiwaki inazunguka tu. Fundi niliyempelekea akaifomati bila kuniuliza. Picha za marehemu baba akiwa Ukerewe kwenye michungwa yake zikaenda zote, imebaki moja tu ambayo dada alikuwa nayo kwenye simu. Kwahiyo safari hii nikasema sigusi kitu mpaka nijue ninachofanya.

Kwanza nikahamisha kila kitu kwenye hadi diski, halafu faili za hesabu nikaziweka na kwenye fleshi nyingine. Na usiishie kukopi tu, zifungue. Mimi nilifungua faili moja moja kwenye kompyuta ya shemeji kule Nyegezi, na mbili zikagoma, ikabidi nirudi nikazikopi upya. Ningeamini tu kwamba zimehama ningekuja kulia baadae.

Ndo nikaanza kuangalia kama mashine inaweza kuhamia Windows 11. Windows 11 inataka RAM angalau GB 4 na nafasi GB 64, hapo sina shida, nina RAM GB 8. Inataka pia chipu ya usalama inaitwa TPM toleo la 2.0, unabonyeza kitufe cha Windows na R, unaandika tpm.msc, inakuonyesha, yangu ninayo. Kilichonikwamisha ni prosesa, yaani ile chipu inayofanya kazi zote za kompyuta. Kwa hizi za Intel Core wanataka kuanzia kizazi cha nane na yangu ni i5-6300U, kwa hii yangu ile namba ya kwanza baada ya kistari ndo kizazi, sita. Nikaendesha ile programu ya ukaguzi ya PC Health Check, jibu likawa hilohilo, prosesa haikubaliki.

Nikampigia fundi mwingine wa mjini, huyu muungwana kabisa. Akanambia, "Kaka hiyo tunaipiga tu, kuna njia ya kuruka huo ukaguzi, elfu ishirini na tano nusu saa umeondoka nayo." Hakunidanganya, njia ipo kweli na watu wanatumia. Ila nilikuwa nimeshasoma maelezo ya Microsoft wenyewe, kwamba mashine isiyotimiza masharti haina uhakika wa kuendelea kupata apdeti. Sasa apdeti ndo kitu kinachonifanya nihame, nikihamia sehemu ambayo sina uhakika nazo nitakuwa nimefanya nini? Nikamshukuru, nikamwambia nitakuja kwa kazi nyingine.

Nikajaribu na Linux Mint, mfumo mwingine wa bure unaotumika badala ya Windows. Nilidanlodi kwa bando la usiku, nikaiweka kwenye fleshi kwa programu ya Rufus, nikawasha kompyuta kutokea kwenye fleshi bila kugusa kilichomo ndani. Nilipenda sana jinsi ilivyo nyepesi, na printa iliikamata yenyewe. Mke wangu akafungua hesabu zake kwenye LibreOffice, programu ya bure inayofungua faili za Excel, namba zote zipo, lakini kile kitufe alichotengenezewa na mpwa wangu cha kutoa orodha ya wadaiwa kikagoma kufanya kazi. Akabonyeza mara tatu, akanigeukia, "Hapana baba Neema, hiki ndo nakitumia kila jumamosi." Basi, biashara ni yake, na mimi sikuona sababu ya kubishana.

Tulichofanya ni kubaki Windows 10 na kujiunga na ule mpango wa apdeti za usalama za mwaka mmoja zaidi, ESU. Unalipia dola 30, au bure ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft, sisi tukachukua ya bure. Hakikisha kwanza uko kwenye toleo la 22H2, halafu nafasi ya kujiunga unaikuta kwenye Settings sehemu ya apdeti. Ni za usalama tu, mambo mapya hupati, na zinaishia tarehe 13 Oktoba 2026.

Ile hela ambayo ningempa fundi niliongezea nikanunua betri mpya. Nilipoifunga niliichomoa chaja makusudi nikiwa nimekaa hapo naiangalia, ikakaa masaa mawili na robo. Mpwa wangu amekubali kukitengeneza upya kile kitufe kifanye kazi na kwenye LibreOffice, kashaanza, likizo akija tunajaribu tena na shangazi yake akiwa amekaa hapo. Fleshi ya Mint iko kwenye droo.