Breki za Ubongo Mbele ya Sahani

Anayemwambia mwenye unene uliopitiliza "jizuie tu" anachanganya kazi tatu za ubongo: kusitisha tendo ambalo mkono umeshalianza, kushika mpango akilini huku mengine yakiingilia, na kuacha njia isiyofaa ukafuata nyingine. Zote hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, lakini moja inaweza kulegea na nyingine zikabaki imara.

Ya kwanza hupimwa kwa kompyuta. Mshale hutokea kwenye kioo, nawe unabonyeza kitufe cha kushoto au cha kulia upesi uwezavyo. Takriban mara moja kati ya nne mlio husikika: usibonyeze! Ukifaulu, mlio unaofuata hucheleweshwa milisekunde 50. Ukishindwa, huwahishwa kiasi hicho hicho, hadi unafaulu karibu nusu ya mara. Hapo ndipo kasi ya breki zako hukadiriwa. Kipimo huharibika mtu anapopunguza mwendo ili ausubiri mlio, kwa hiyo msimamizi lazima amkumbushe asifanye hivyo.

Wenye unene uliopitiliza huchelewa kidogo, kwa wastani. Narudia: kwa wastani. Wengi wao wana breki nzuri kabisa, na usingizi haba au sonona hulegeza za yeyote.

Kwenye anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula hadi kukonda sana, ugumu mara nyingi uko kwenye kazi ya tatu. Kwenye jaribio la kupanga kadi, kanuni ikibadilishwa kimyakimya, mgonjwa hung'ang'ania ile ya zamani. Ila njaa nayo ina mkono wake. Huko Minnesota, Marekani, mwaka 1945, wanaume 36 wenye afya walipunguziwa chakula kwa wiki 24 katika utafiti. Wengi wakawa wanawaza chakula tu na kushikilia taratibu za ajabu za kula. Ukimpima mgonjwa kabla uzito haujarudi, unapima na njaa yake.

Kwa anayefakamia chakula, tengeneza kwanza saa za kula: milo mitatu na vitafunio viwili, pengo lisizidi saa nne. Kisha andika mpango mmoja: "Nikifika nyumbani nina njaa, nitakula ndizi na karanga nikiwa nimekaa mezani." Usiandike "sitakula mandazi", sentensi hiyo huyaleta mandazi akilini wala haiupi mkono kazi nyingine.

Aliyekonda sana asianze ratiba hii bila daktari. Chakula kingi cha ghafla kinaweza kushusha fosfeti, madini ambayo mwili unayahitaji, kwenye damu hadi moyo ukasimama.