Usiku mmoja ziwani, nyuzi nne

Nilipanda meli bandari ya Mwanza Kaskazini nikiwa na begi mgongoni na fidla kifuani. Kifuani, si mkononi, maana pale kwenye ngazi watu husukumana na mizigo hupita juu ya vichwa. Mchukuzi mmoja alitaka kunipokea, nikamshukuru na kumwambia huu siuachii.

Nilikuwa naenda Bukoba kupiga kanisani, mimi na fidla tu. Kwenye muziki wa dansi tunalijua gita la solo: linaongoza mbele, lakini nyuma yake kuna rizimu, besi na ngoma. Kipande nilichobeba hakina mtu nyuma. Ni Chaconne ya Bach, mtunzi Mjerumani, sehemu ya mwisho ya Partita ya 2, yaani mfululizo wa vipande vya mtindo wa dansi, katika kazi za fidla pekee alizozinakili kwa mkono wake mwaka 1720. Dakika kama 15, nyuzi nne, mtu mmoja. Nilikichagua kwa kuwa kumpata mpiga piano wa kusafiri nami, halafu na piano iliyotyuniwa vizuri huko niendako, ni kazi kubwa.

MV Victoria iling'oa nanga usiku, taa za nyumba zilizojengwa juu ya mawe zikabaki nyuma yetu. Nimekulia Igoma, karibu na makaburi ya waliokufa na MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, kwa hiyo sijawahi kuvuka maji haya bila kuwakumbuka. Usiku ule nilimkumbuka na Ginette Neveu, mpiga fidla Mfaransa. Mwaka 1935, akiwa na miaka 15, alishinda mashindano ya fidla ya Wieniawski mjini Warsaw. Wa pili alikuwa David Oistrakh, mtu mzima wa miaka 26. Tarehe 28 Oktoba 1949 ndege iliyokuwa inampeleka Marekani kwenye maonyesho iliangukia visiwa vya Azores. Alikuwa na miaka 30. Ndugu yake Jean, aliyekuwa akimpigia piano, alikufa pamoja naye. Sisi tunamwona mpiga solo akiwa chini ya taa, lakini sehemu kubwa ya kazi yake ni njiani: leo mji huu na okestra ambayo hajawahi kuiona, mazoezi mara moja au mbili, jukwaa, kesho uwanja wa ndege. Na popote aendapo amebeba kisanduku cha mbao nyembamba kilichounganishwa kwa gundi.

Mbao hizo hunywa unyevu. Kama saa sita usiku nilifungua kasha la fidla nikakuta vigingi vya kukazia nyuzi vimevimba na kugoma. Nilikizungusha kile cha uzi wa A, unaoitwa kwa jina la noti yake, kwa nguvu kuliko ilivyotakiwa. Tap! Uzi ukakatika, ukanichapa kidoleni. Nilikuwa na wa akiba mmoja, nikaufunga, lakini uzi mpya wa aina ile hauna utulivu. Unaukaza, baada ya muda umelegea tena, na huchukua siku kadhaa kutulia. Mimi nilikuwa na saa chache tu. Nikakaa naudonoa kwa kidole, naukaza, naudonoa tena.

Mama mmoja mtu mzima aliyeketi mbele yangu aligeuka.

"Shikamoo mama. Samahani kwa kelele."

"Marahaba, mwanangu. Endelea tu. Hiyo ndiyo enanga ya wazungu?"

Akanieleza enanga ya babu yake: gogo lililochongwa kama kihori, uzi mmoja mrefu umepitishwa huku na huku juu yake. Mzee aliiweka mapajani, akaimba habari za mashujaa wa Kihaya mpaka usiku wa manane.

"Peke yake?"

"Na nani tena? Habari yote iko kichwani mwake."

"Na akisahau?"

"Anarudi kwenye mapigo yake ya mwanzo. Anazunguka hapohapo mpaka habari imrudie. Wewe ukisahau unafanyaje?"

Nilinyamaza. Kusahau katikati, mbele ya watu, ndiyo hofu yangu kubwa kuliko zote, na mwalimu wangu alinifundisha kuishinda kwa kurudia tu. Lakini Chaconne yenyewe imejengwa hivyohivyo: vipimo vinne vya mwanzo, yaani vipande vifupi vya mapigo, vinarudi zaidi ya mara 60, kila mara vimevaa nguo nyingine. Nilikuwa nimekariri nguo zote. Nilikaa macho hadi Kemondo nikiusikiliza msingi ule peke yake kichwani, bila mapambo.

Kanisani jioni watu walikaa kimya tangu noti ya kwanza. Katikati kuna sehemu ambayo giza linaondoka na noti ya A inagongwa mara tatu, mara tatu, kama mtu anayebisha hodi. Nilipoikaribia nikasikia uzi wa A umeanza kushuka. Huwezi kusimama kuukaza. Nikahamia uzi wa jirani, wa D, nikaitafuta A ileile kwa kidole cha nne, ambacho ndicho dhaifu kuliko vyote. Kilitetemeka, kikashika. Chini yake niliusikia msingi ukizunguka, nikaufuata.

Nilipomaliza niliudonoa uzi wa A polepole, karibu na sikio. Ulikuwa umeshuka karibu nusu toni. Mama wa melini alikuwa benchi la tatu, amefumba macho, na mkono wake ulikuwa bado unapiga mapigo pajani.