Mbawakawa wa kiangazi: ninavyowatafuta ukingoni mwa mto Nyamwamba

Ulaya, wanaotafuta mbawakawa wakati wa baridi hupasua magogo yaliyooza na kufukua mashina ya nyasi. Hapa Kasese, Uganda, theluji tunaiona kwa mbali tu, juu Rwenzori, lakini ukame wa Juni hadi Agosti hufanya kazi ileile: wadudu huukimbia udongo mkavu na kujibana palipobaki unyevu. Basi mimi huanza na unyevu.

Mawe makubwa yaliyoachwa na mafuriko ya 2013 na 2020 huwavutia wengi, ila yaliyo mbali na maji huwa makavu chini, utaumiza mgongo bure. Geuza jiwe lililokaa kwenye mchanga wenye majimaji, kisha ulirudishe lilivyokuwa. Ukingo wa matope ulio mtupu, umwagie ndoo moja ya maji polepole, halafu chutama utulie dakika mbili tatu. Wadogo wa milimita 3 hadi 5 hutoka kwenye nyufa wakikimbia. Wengi huondoka mapema mno wakidhani hakuna kitu.

Takataka zilizokwama kwenye vichaka, yaani majani, vijiti na mabua, nazipepeta kwa chekeche lenye matundu ya milimita 5 hivi juu ya beseni jeupe. Hapa pia subira: mbawakawa akitikiswa hujifanya amekufa, ukitazama utaona kama mbegu tu. Baada ya muda mbegu inaota miguu.

Kwa wanaotembea usiku nafukia vikombe vya plastiki, mdomo ukiwa sawasawa na ardhi. Ukizidi hata kidogo, mdudu anauzunguka. Ndani natia maji yenye chumvi nyingi, robo kilo kwa lita, na tone la sabuni ya vyombo, maana bila sabuni wepesi huelea wakapanda tena. Juu naweka jiwe bapa lililoinuliwa kwa vijiwe vitatu. Siafu wakipita njia hiyo, hamisha vikombe.

Kuna mmoja wa kuheshimu: mwembamba, rangi ya chungwa na nyeusi, mabawa ya juu mafupi yenye bluu inayong'aa. Huyo ndiye Paederus, yule tunayemwita nzi wa Nairobi ingawa ni mbawakawa kamili. Haumi. Ukimponda kwenye ngozi, majimaji yake hutoa malengelenge baada ya siku moja au mbili. Mpulize atoke, na kama umemgusa nawa kwa sabuni kabla hujashika macho.

Kutambua ndiko kunakosumbua. Rangi nyeusi haisemi lolote, weusi wamejaa. Kwa lenzi inayokuza mara 10, hesabu vipingili vya nyayo, mguu wa mbele, wa kati, wa nyuma. Ukipata 5-5-5, na vipapasio virefu kama uzi, huenda ni wa familia ya Carabidae, wawindaji wa ardhini. Ukipata 5-5-4, na vipapasio vilivyochomoza chini ya ukingo wa kichwa, ni wa familia ya Tenebrionidae. Miguu iliyovunjika ndiyo hupotosha hesabu, kwa hiyo kagua pande zote mbili.

Wa majini watazame wakiwa hai ndani ya beseni. Wa familia ya Dytiscidae hupiga miguu ya nyuma kwa pamoja kama makasia, na huja juu kuvuta hewa kwa mkia. Wa familia ya Hydrophilidae hupiga mguu mmoja mmoja kwa zamu, na huvuta hewa kwa upande wa kichwa. Baada ya kuwatia spiriti, ushahidi huo umekwisha.

Spiriti iwe ya asilimia 70. Pombe ya waragi haifiki, watakuozea. Lebo andika kwa penseli, kwani wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka: mahali, mwinuko, tarehe, na alikuwa chini ya nini. Na bonde linapoingia Hifadhi ya Queen Elizabeth, usiokote hata mmoja bila kibali cha UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda.