Panga safari ya pikipiki kuanzia saa ya kurudi

Mwendesha pikipiki asiye na mtu anayemsubiri huanza kupanga safari kwa ramani. Mwenye mwenza na watoto aanze na saa ya ukutani: ameahidi kuzima injini nyumbani saa ngapi? Ukishalijua hilo, kilomita, mafuta na mzigo vyote vinahesabika kwa kurudi nyuma. Wengi hufanya kinyume. Huchagua kwanza mahali pa kwenda, kisha saa mbili za mwisho huziendesha gizani, wamechoka, huku simu ikitetemeka mfukoni. Hapo ndipo ajali na ugomvi wa nyumbani hupata nafasi.

Tuseme unaondoka saa 12 asubuhi na umeahidi kurudi saa 10 jioni. Hizo ni saa 10. Toa saa 1 ya akiba kwa ajili ya pancha au mvua. Toa saa 2 za kula, kunywa maji, kujaza mafuta na kunyoosha mgongo. Zimebaki saa 7 za kuendesha. Kwenye barabara ya njia mbili ambako mshale unakaa kwenye 80 au 90, wastani halisi ukihesabu miji, matuta na malori huwa karibu kilomita 60 kwa saa. Hiyo ni kilomita 420, yaani unageuza kwenye 210. Mimi ningegeuza kwenye 180, kwa sababu mwili wa alasiri si mwili wa asubuhi. Lakini kinachogeuza ni saa, si umbali: ikifika saa 4 na nusu asubuhi, geuza, hata kama ulikokusudia kufika pamebaki kilomita 30.

Mafuta nayo yana hesabu yake. Tangi la lita 12 kwa pikipiki inayokwenda kilomita 25 kwa lita linaonekana kukupa kilomita 300. Weka abiria na mabegi, endesha dhidi ya upepo, na hesabu hiyo inapungua upesi. Jaza kila baada ya kilomita 200, na ukifanye kituo hicho kuwa mapumziko pia.

Matengenezo ya jioni, kidogo kidogo

Kosa la kawaida la anayeendesha kwa kujifurahisha ni kuiacha pikipiki wiki nzima, kisha kuifungua usiku wa kuamkia safari. Ukikuta pedi za breki zimeisha muda huo, maduka yamefungwa. Gawa kazi: nusu saa kwa jioni moja, watoto wakishalala, inatosha kwa jambo moja. Anza na yale ambayo vipuri vyake vinahitaji kununuliwa.

Tairi kwanza. Soma namba nne zilizo mwishoni mwa maandishi ya DOT ubavuni: 2321 ina maana lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tairi la mwendesha wa mara moja moja mara nyingi huzeeka kabla ya kuisha kashata. Mpira hukauka, hupasuka nyufa ndogo karibu na rimu, na hauishiki lami yenye maji hata kama mifereji bado mirefu. Pinda kwa kidole shingo ya vali ya mpira na uangalie chini yake. Ufa hapo hutoa upepo ghafla ukiwa kwenye mwendo kasi, na vali mpya ni kitu cha bei ndogo.

Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi. Kibandiko chenye vipimo huwa kwenye mkono wa gurudumu la nyuma, kwenye kifuniko cha mnyororo au chini ya kiti, na mara nyingi kina safu mbili: mtu mmoja, na watu wawili wenye mzigo. Watu husoma safu ya kwanza tu. Ukipima tena njiani tairi likiwa la moto, kipimo kitakuwa juu. Usipunguze, likipoa utabaki na upepo pungufu.

Mnyororo ndio unaoharibiwa zaidi na mikono yenye nia njema. Pikipiki nyingi za barabarani hutaka mlegeo wa milimita 25 hadi 35 katikati ya upande wa chini, na zenye shokapu ndefu hutaka zaidi, kwa hiyo fuata kitabu chako. Zungusha gurudumu upime sehemu nne, kwa kuwa mnyororo hauishi sawasawa. Rekebisha kwa sehemu iliyokaza kuliko zote. Sababu ya mlegeo ni hii: gurudumu la nyuma linapopanda kwa uzito, mnyororo hukaza. Ukiukaza vizuri pikipiki ikiwa tupu, mkikaa wawili utakuwa kama waya wa gitaa, na hapo unakula beringi ya shafti ya gia. Baada ya kurekebisha, kaeni wote wawili juu yake, mtu wa tatu aushike mnyororo. Lazima bado uchezecheze. Kisha kaza nati ya ekseli kwa nguvu iliyoandikwa kitabuni na uhakikishe alama za pande zote mbili zinalingana.

Mafuta ya mnyororo yapuliziwe ukirudi, ukiwa wa vuguvugu, upande wa ndani, na yaachwe usiku kucha. Ukipulizia asubuhi ukaondoka papo hapo, kiyeyusho hakijakauka na mafuta yanarukia tairi.

Majimaji ya breki hubadilishwa kila baada ya miaka 2, hata kama hukutembea sana, kwa kuwa hunyonya unyevu wa hewa. Aina ya majimaji iitwayo DOT 4, ikiwa mpya, huchemka si chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango cha chini kinachokubalika ni 155. Mteremko mrefu ukiwa na abiria na mabegi unaweza kuifikisha huko. Mvuke hubanika, breki hazishiki, na wenzo wa breki unagusa mpini bila pikipiki kupunguza mwendo. Kwa hiyo kwenye mteremko shuka kwa gia ya chini, na breki ziguswe kwa vipindi badala ya kuburutwa.

Akipanda mtu nyuma, pikipiki imebadilika

Fanya hesabu ya uzito kabla ya kununua masanduku. Chukua uzito wa juu unaoruhusiwa, toa uzito wa pikipiki ikiwa na mafuta. Kwa mfano 380 kutoa 200 ni kilo 180. Dereva na mavazi yake 90, abiria na mavazi yake 68. Zimebaki kilo 22, na ndani ya hizo mna masanduku yenyewe na fremu yake. Sanduku la juu lina kikomo chake, mara nyingi kilo 5 au hata pungufu. Soma kibandiko cha ndani. Uzito unaoning'inia nyuma ya ekseli huinua mbele, na kwenye mwendo kasi usukani unaanza kutikisika. Ikitokea, usikamate breki wala usibane mpini kwa hasira. Inamia mbele, legeza mikono, punguza mafuta taratibu. Vizito kama vifaa na maji vikae chini kabisa, karibu na abiria. Juu weka nguo.

Halafu springi ya nyuma. Inua gurudumu la nyuma kwa stendi ya katikati, pima kutoka ekseli hadi alama uliyoweka kwenye mkia. Ishushe, mpande wote wawili na mzigo wenu, mtu mwingine apime tena. Tofauti iwe takriban asilimia 30 ya safari nzima ya shokapu, yaani umbali wote ambao gurudumu linaweza kupanda na kushuka. Kwa safari ya milimita 150 ni kama 45. Ikizidi, kaza springi mpaka ipungue. Usipofanya hivyo mkia huzama, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, pikipiki inatanuka nje kwenye kona, na taa yako inawapiga machoni wanaokuja. Kwa hiyo ukimaliza springi, kagua taa ukutani mkiwa mmepanda. Andika idadi ya mizunguko kwenye karatasi chini ya kiti ili uirudishe ukiwa peke yako.

Abiria afundishwe pikipiki ikiwa imesimama. Asipande mpaka dereva aseme: miguu miwili chini, breki ya mbele imeshikwa. Kwenye kona aangalie mbele kupitia bega la dereva lililo upande wa ndani wa kona. Hilo peke yake humlaza kiasi kinachotakiwa bila kumwambia "lala". Pikipiki ikisimama, miguu yake ibaki kwenye vikanyagio. Mkubaliane ishara mbili tu: kugonga paja mara moja ni punguza, mara mbili ni simama. Ishara nyingi husahaulika.

Helmeti ya abiria ikigonga yako kila unapobadilisha gia, kosa ni lako. Achia klachi polepole na urudishe mafuta kwa upole. Anza na breki ya nyuma kidogo, kisha ongeza ya mbele. Kwa uzito ulio nyuma, ile breki ambayo ukiwa peke yako karibu huitumii sasa ina kazi kubwa, na pua haizami kwa kishindo.

Mtoto ni suala jingine. Sheria za umri hutofautiana kati ya nchi na nchi, zijue zako. Lakini sheria ikiruhusu bado kuna vipimo vya mwili. Nyayo zote zikae tambarare kwenye vikanyagio akiwa ameketi, mikono yake imzunguke dereva au ashike vishikio mwenyewe, na awe na uwezo wa kufuata maelekezo. Hatari yake kubwa ni usingizi. Mtikisiko na sauti moja kwa dakika 40 huweza kumlaza mtoto hata asubuhi, na akilala mikono hulegea. Simama kabla ya hapo. Kumfunga kwenye mgongo wako ili asidondoke akisinzia si dawa, kwani mkianguka anaanguka nawe bila namna ya kuachana. Kama umbali unavuka uwezo wake wa kukaa macho, aende kwa gari na wenzake, mkutane huko. Mpango huo haupunguzi utamu wa safari.

Helmeti yake ipimwe kwa utepe kuzunguka kichwa, sentimita 2 na nusu juu ya nyusi. Ifunge, kisha jaribu kuivua kwa kuivuta kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikitoka, ni kubwa. Ya mtu mzima iliyojazwa kitambaa haifai: inazunguka inapogonga, tena ni nzito kwa shingo changa. Na helmeti iliyoanguka kwa kishindo ikiwa kichwani imemaliza kazi yake, hata kama rangi haijachubuka.

Pancha

Jua kama tairi lako lina tyubu au halina, maana vifaa havifanani. Lisilo na tyubu: weka alama kwenye msumari, uchomoe kwa koleo ukikumbuka mwelekeo wake, pitisha msasa wa shimo kwa mwelekeo huohuo, paka gundi, sukuma uzi wa pancha mpaka zibaki kama sentimita 1 nje, kisha chomoa kifaa kwa mvuto mmoja wa haraka. Kata, jaza upepo, paka mate uone kama panatoa povu. Shimo la ubavuni halizibwi hivyo. Hata la katikati, shusha mwendo na ukalibandike kwa ndani au ubadilishe tairi. Usirudi na abiria kwa kasi ya asubuhi. Pampu ndogo ya umeme inayotumia betri ya pikipiki ni bora kuliko chupa za gesi za gramu 16, kwa sababu tairi kubwa la nyuma humaliza chupa kadhaa kabla halijafika kipimo.

Lenye tyubu linataka vyuma vitatu vya kufungulia tairi, na tyubu ya akiba ya mbele, ambayo kwa dharura huvumilia kukaa nyuma mpaka ufike kwenye fundi. Nati ndogo ya vali isikazwe dhidi ya rimu: tairi likiteleza kidogo, vali inang'oka nzima. Irudishe juu, ikutane na kifuniko. Na kabla ya yote, fungua nati ya ekseli nyumbani kwa spana zile zile utakazobeba. Spana fupi inayoshindwa nati hiyo ni uzito wa bure.

Waliobaki nyumbani

Waachie njia kwa maandishi, washirikishe mahali ulipo kupitia simu, na mkubaliane saa za kupiga: ukifika pa kugeuzia na ukijaza mafuta ya mwisho. Muhimu zaidi ni saa ya wasiwasi, yaani kabla yake ukimya si habari mbaya, na baada yake wampigie nani. Bima isomwe kama inamhusu abiria, nyingine haimgusi. Na saa ulizochukua Jumamosi zina deni: anayebaki na watoto apewe saa hizo hizo siku nyingine, zikiandikwa kwenye kalenda kabla ya safari, si baada ya lawama.

Ukirudi, bomba la moshi bado linaunguza kwa muda mrefu baada ya injini kuzimwa, na watoto hukimbilia pikipiki kwanza. Iegeshe upande wa bomba ukielekea ukutani, au simama nayo nje mpaka uweze kukaribisha kiganja bila kuhisi joto. Mtoto akigusa, papoze kwa maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Usiweke barafu, siagi wala dawa ya meno, na malengelenge yasipasuliwe. Kidonda kikizidi upana wa kiganja chake, au kikiwa mkononi au usoni, mpeleke hospitali.