Nilivyoutuliza mkondo wa maji kwenye tangi langu la samaki

Tangi langu ni la lita 60. Nilipolianzisha niliweka filta ambayo boksi lake liliandikwa lita 600 kwa saa, nikiamini kwamba maji yakizunguka zaidi ndivyo yanavyokuwa masafi zaidi. Humo niliweka samaki wadogo kumi wa aina ya tetra neoni, na samaki mmoja dume wa aina ya beta mwenye mapezi marefu kama pazia.

Siku ya pili tu beta alikuwa amejibanza kwenye kona nyuma ya hita, kile kifaa cha kupasha maji joto. Akithubutu kutoka, maji yanamkamata mapezi na kumgeuza kama jani. Tetra nao walijipanga wote wakielekea upande mmoja, mikia haipumziki, nami nikafurahi nikidhani ndio uchangamfu wenyewe. Kumbe walikuwa wanahangaika ili wabaki palepale walipo! Chakula ndicho kilichonifumbua macho. Nilinyunyiza kidogo juu, kikavutwa chini na kuzungushwa tangi zima kabla hata mmoja hajaonja.

Nikapunguza pampu ya filta mpaka mwisho. Beta akatoka, akaanza kutamba, nikajipongeza. Baada ya siku chache uso wa maji ukafanya utando kama wa mafuta, na asubuhi moja niliwakuta tetra wote juu wakihema. Mimea yangu ni mingi, na usiku nayo hutumia oksijeni. Uso wa maji usipotikisika, oksijeni mpya huingia polepole mno. Beta hakuonyesha dalili yoyote kwa sababu yeye ana kiungo cha kuvutia hewa moja kwa moja kutoka juu ya maji. Kumtazama yeye peke yake ndiko kulikonipotosha.

Basi nikarudisha pampu kwenye nguvu yake, nikaamua kuuvunja mkondo badala ya kuuzima. Nilichukua bomba la plastiki lenye upana wa ndani wa milimita 12, nikaliziba upande mmoja na kulitoboa matundu kumi ya milimita 2, nikalifunga kwenye mdomo wa filta unaotoa maji. Hali ikawa mbaya kuliko mwanzo: kila tundu lilirusha maji kama bomba la sindano. Nilikaa nikapiga hesabu ambayo ningeipiga mapema. Matundu yote kumi kwa pamoja yalikuwa na eneo la milimita za mraba kama 31, ilhali bomba lenyewe lina 113. Maji yaleyale yakibanwa kwenye njia ndogo lazima yakimbie. Nikayapanua hadi milimita 4, jumla ikafika kama 126, na mara moja maji yakaanza kutiririka kwa upole.

Bomba hilo nililiweka chini kidogo ya uso wa maji, matundu yakielekea kioo cha nyuma na kuinuka kidogo. Maji yanagonga kioo, yanapoteza nguvu, na uso unacheza vya kutosha kuzuia utando. Upande wa pili nilisogeza mimea mirefu pamoja, ukawa ndio makao ya beta. Kwenye mdomo wa kuvutia maji nilivisha sponji, maana mkia wake uliwahi kunaswa pale. (Filta yenyewe siilaumu: samaki wa aina ya danio, wanaopenda maji yanayokimbia, wangeifurahia.)

Siku hizi kipimo changu ni chembe ya chakula. Nikiiangusha katikati ya tangi inatakiwa ielee taratibu, samaki aifikie bila kufukuzana nayo. Huwa naangalia zaidi baada ya kusuuza sponji za filta, kwa maji niliyoyatoa tangini. Uchafu ukishatoka, pampu hupata nguvu tena, na beta ndiye wa kwanza kunijulisha: akirudi nyuma ya hita, nageuza bomba kidogo zaidi kuelekea kioo.